Kusafisha Picha za Donat

Jumanne, 4 Februari

Mvua tangu alfajiri. Nusu ya darasa haikuja. Waliokuja waliandika silabi za "sa", wengine wakalala juu ya madaftari. Nimerudi nyumbani Kikula nimelowa hadi soksi.

Nimepika, nimemlisha Gloria, nimeketi kutazama picha za marehemu baba yake, kama kila jioni. Ile ya Donat na ovaroli ya kiwandani haipo. Nikadhani ni mtandao. Nikatafuta za ubatizo. Hakuna. Mwaka wa kwanza wote wa mtoto, peupe.

Sijapenda.

Alhamisi, 6 Februari

Si mtandao. Asubuhi picha za Krismasi yetu ya mwisho zilikuwapo. Nimetoka shuleni, hazipo. Zinaondoka kwa mafungu, kama mtu anayezoa mchanga kwa koleo.

Donat alitufungulia akaunti moja, yake na yangu. Kila picha ilipanda juu, kwenye wingu, na sote wawili tuliiona. Simu yangu ni ndogo, haibebi kitu. Vyote viko huko. Mwaka jana tulipomaliza matanga, Serge, mdogo wake, alichukua simu ya marehemu. Ndiyo desturi, vitu vinagawanywa. Sikugombana. Nilisema moyoni, picha ziko juu, wao wachukue chuma.

Sasa mwenye chuma anafuta. Serge anafanya kazi Kakanda, ana ibada nyingi na maneno machache. Mtu wa maneno machache simwamini. Anachotaka nakijua: hii parseli, kiwanja na nyumba yake. Mjane asiye na picha hata moja na mumewe, ataanza vipi kusema alikuwa mke?

Jumapili, 9 Februari

Misa ya kwanza. Sikusikia mahubiri.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa jikoni kwake, nyuma ya nyumba. Macho yamemchoka, haoni vizuri vitufe, kwa hiyo simu huiacha kwenye sauti kubwa na mtaa mzima unashiriki. Nilisimama kando ya dirisha. Ndiyo, nilisikiliza. Nyumba ni yangu.

"Serge, utamaliza siku gani kusafisha?"

"Iko mingi, mama. Réseau ya simu huku iko mubaya. Siku ya posho nitaleta, yote propre."

"Usiache ata moya. Ata ile iko na Mama Gloria."

Mama Gloria ni mimi. Siku ya posho ni Jumamosi hii, na propre ni safi kabisa.

Kusafisha. Neno hilo nalijua. Mwisho wa matanga, baba mdogo wa Donat alisema mjane lazima asafishwe, na wa kumsafisha ni Serge. Yaani nilale naye, ili roho ya marehemu initoke. Nilikataa mbele ya wote, padri akanisaidia. Serge alitazama viatu vyake. Nikafikiri yamekwisha. Kumbe wameanzia juu, kwenye wingu. Wakimaliza picha watashuka kwangu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wangu ni mama mkwe, anakula bukari, ugali ninaousonga mimi, kila jioni na kusema asante.

Jumanne, 11 Februari

Nimezipata.

Akaunti yetu ina pipa la taka, yenyewe inaliita corbeille. Zote zimo. Ovaroli, ubatizo, Krismasi, hata ile video Donat anaimba vibaya kumbembeleza Gloria. Kuna kitufe cha kurejesha zote. Chini imeandikwa zitakaa humo siku thelathini, kisha basi.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikakiondoa. Nikizirejesha, Serge ataapa kwamba hakufuta kitu. Acha zionekane pipani, mbele ya baba mdogo huyo huyo aliyetaka nisafishwe. Siku za mwizi ni arobaini, na huyu nina miadi naye Jumamosi. Nilicheka peke yangu. Muda mrefu sijacheka.

Ijumaa, 14 Februari

Nimemwalika baba mdogo aje kesho. Nimemwambia ni chai tu.

Mama mkwe amepigilia misumari ukutani kwake, mstari mzima. Nimemuuliza ni ya nini. Ametabasamu, amepigilia mwingine.

Nimefunga chumba kwa ufunguo. Nimeegemeza na kiti.

Jumamosi, 15 Februari

Serge alifika amevaa suruali ya ibada. Aliweka simu ya Donat mezani, imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Baba mdogo alikuwa anakunywa chai. Mimi nilishika simu yangu kama mtu anayeshika fimbo.

"Nilisafisha yote, mama. Na pasteur aliombea. Sasa roho ya yaya Donat haitatufwata. Ata corbeille nilitupa jana."

Mama mkwe akanyoosha mikono miwili. "Leta basi. Picha iko wapi?"

"Picha gani?"

"Bonane, mwaka ulipoanza, nilikuambia unisafishie picha ya Donat. Nitundike mu nyumba."

Chai ikapoa. Mama mkwe ni mtu wa zamani. Kwake picha husafishwa: unapeleka studio, wanaiingiza gizani kwenye maji ya dawa, inarudi karatasi. Alitaka karatasi. Zote, hata zangu. Misumari ilikuwa ya hiyo. Serge alizaliwa picha zikikaribia kuachana na maji. Alisikia kusafisha kwa matanga: kitu cha marehemu kitolewe umarehemu kabla aliye hai hajakitumia. Akatii, usiku na mchana, kwa mtandao mbovu wa Kakanda. Na mimi nikasikia langu.

Nilifungua pipa. Tupu.

Serge alilia. Mama yake alimpiga makofi mawili, kisha akaketi sakafuni. Baba mdogo alitafuta kofia yake. Mimi nilificha simu yangu chini ya kanga.

Jumatatu, 17 Februari

Serge anatuma ujumbe wa kuomba msamaha, mama hajibu. Wote wanamlaumu yeye. Majirani wanakuja kunipa pole, napokea.

Najichukia. Jumanne zilikuwapo zote. Kubonyeza mara moja tu. Sikutaka picha, nilitaka kumshika mtu. Video ile sitaisikia tena, na Gloria hana umri wa kukumbuka sauti.

Alhamisi, 20 Februari

Nimemwambia mama mkwe. Alikuwa anamenya mihogo. Nilisema yote: dirisha, pipa, kitufe, kiti mlangoni. Hata la Serge na kunisafisha, kwamba niliogopa. Alimenya muhogo mzima bila kuinua kichwa, na kuukata, na kuutia majini.

Kisha akasema, "Umuite Serge. Akuye kula."

Basi. Nikachukua kisu cha pili.

Jumapili, 23 Februari

Mvua ndogo. Misumari iko ukutani bado, mama mkwe hataki ing'olewe.

Sasa jioni ananiomba nimsimulie picha moja, mimi niliyeziangalia sana. Gloria hujilaza mapajani mwake. Jana ilikuwa ya ovaroli. Leo Serge alikuwapo, tukasimulia ya Krismasi. Nilisema Donat yuko mlangoni, amembeba mtoto, amevaa shati jeupe. Serge akasema hapana, la buluu, yeye ndiye aliyepiga ile picha. Mama akasema la buluu.

Nilifumba macho kulitafuta shati. Naliona jeupe. Sina pa kuangalia.