Mtoto Hatoki Amepauka

Ijumaa. Wingu limetanda juu ya mtaa wetu wa Tena tangu alfajiri, hakuna jua la kukausha hata soksi. Nina hasira na nina aibu, na sijui ipi ilitangulia.

Nimemfokea mama yangu mzazi kwa sababu ya kichwa cha mwanasesere.

Acha niandike ilivyokuwa, maana nikikaa nalo moyoni litaniumiza. Wanasesere wangu nawatoa soko la Gikomba, kwenye marobota ya vitu vya watoto. Huyu nilimpata Jumatatu, uso umechubuka, jicho moja limefutika. Muuzaji akaniambia, "Beba huyo, sista. Mwili iko sawa, ni sura tu imeisha." Nikacheka. Sura ndiyo kazi yangu. Kuna mwalimu wa chekechea hapa mtaani anayetaka mwanasesere mweusi kama watoto wake, mwenye ngozi ya mtu, si ile inayong'aa kama ndoo mpya. Anakuja kumchukua wiki ijayo.

Watu hudhani kazi hii ni kupaka tu. Plastiki laini haipendi rangi. Kwanza unachovya shingo kwenye maji moto hadi ilegee, unachomoa kichwa, kisha mikono na miguu. Unaosha kwa sabuni ya vyombo, unapitisha msasa laini, unafuta kwa spiriti, na kuanzia hapo huruhusiwi kugusa kwa kidole kitupu. Ndipo unaweka rangi ya msingi, ile ya kuchanganywa na maji, unaigongagonga kwa sponji, nyembamba, ikauke, halafu nyembamba tena. Ile ya kupuliza ya mafundi wa magari niliijaribu nilipoanza. Mwanasesere yule bado yuko chini ya kitanda, na hadi leo ananata.

Msingi ukikauka vizuri, ngozi inafifia na kukauka kau, kama imepitiwa na vumbi. Hapo mimi hufurahi, kwa sababu najua rangi ya juu itashika.

Huyu nilikuwa nimempaka mara tatu kwa siku tatu. Leo asubuhi nikatoka kununua sponji. Niliporudi nikakuta viungo vyote vimepangwa juu ya leso kwenye kitanda cha Mama, vinameta. Kopo la mafuta ya kujipaka lilikuwa wazi pembeni. Nilipogusa shavu, rangi ikaja na kidole.

"Nani amekwambia uguse kazi yangu?" nikamuuliza, na sikuishia hapo. Nilimwambia tangu aje kwangu sina pa kupumulia. Nilimwambia hivyo mtu aliyenibeba mgongoni.

Mama alinitazama. "Alikuwa amepauka, mwanangu. Nikasema atatokaje kwetu hivyo, watu waseme hana wenyewe?"

Kisha akaanza kukunja nguo zake. Kesho anarudi Shauri Moyo kwa dada yake, akasema, ambako habani mtu. Kule bomba liko nje, na goti lake haliwezi ndoo. Ndiyo sababu nilimleta hapa.

Nikakaa na kitambaa changu, nafuta mafuta, na kila nilipofuta nikakumbuka asubuhi zetu za Shauri Moyo. Mama alitusugua hadi tukalia, halafu mafuta, mpaka nyuma ya masikio, magoti mara mbili. Viatu vyetu vilicheka mbele, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kuona mtoto wa Mama na miguu ya kijivu. "Mtoto hatoki amepauka," alisema kila siku. Heshima yetu yote ilikuwa ndani ya lile kopo.

Na mimi kwa siku tatu nimempausha mtu mwenye uso wa mtoto, mbele ya macho yake, bila kumweleza kwa nini. Sijawahi kumweleza. Nilimwona akiangalia nikadhani ananidharau, mimi mtu mzima ninayecheza na wanasesere.

Saa tisa nikampelekea chai. Alikuwa amekaa kando ya mkoba uliofungwa, miguu ameinyoosha kwa ajili ya lile goti.

Miguu yake ilikuwa imepauka.

Kuanzia gotini hadi kwenye visigino vilivyopasuka. Hawezi kuinama siku hizi. Karibu miezi miwili yuko kwangu, na kila siku naosha na kupaka miguu ya plastiki hatua tatu kutoka alipokaa.

Nikachukua lile kopo, nikakaa sakafuni. "Nisamehe, Mama." Nikampaka polepole, goti, muundi, katikati ya vidole. Nililia kidogo, naye akajifanya anakunywa chai.

"Kisigino umekiruka," akasema hatimaye. Nikakirudia.

Halafu nikamweleza yote: spiriti, msingi, kwa nini lazima ngozi ikauke kwanza ndipo uso ukae. Alisikiliza akigeuzageuza kile kichwa mkononi, akikichunguza nyuma ya masikio.

"Kesho nitakiosha mimi," akasema. "Wewe unaosha kama mtu anayeogopa maji."

Mkoba ameusukuma chini ya kitanda.

Nimemwomba akishaosha, tafadhali, asimpake mafuta. Amesema atajaribu.