Sindano Iliyonyamazisha Mahame

Kwa kaka yangu Salehe,

Shikamoo kaka. Hujambo wewe, na shemeji, na watoto? Mpunga wa Tindiga umeshika mwaka huu? Mimi huku hospitali Dodoma nipo, nakula na ninalala.

Kaka, mama alikuwa ameacha kuniita. Tangu waliponidunga sindano mpya ya hapa, ikawa kimya. Unakumbuka ulivyonikuta kule mahameni, kijijini kwetu kwa zamani, baada ya sote kuhamishiwa kijiji cha ujamaa? Nilikaa kwenye nyumba yetu isiyo na paa, naongea naye kana kwamba yupo jikoni, ilhali tulishamzika pale nyuma. Nilidhani akinyamaza nitafurahi.

Lakini mwili ukaanza mambo yake. Nikikaa miguu inainuka, nikilala inatembea kitandani. Shingo ikapinda, taya likakaza. Tukitoka uani, sisi tuliodungwa sote mwendo ni mmoja: hatua fupi, mikono haiyumbi, nyuso hazina kitu. Asubuhi moja niliinamia ndoo ya maji nikaona uso wa mtu. Nikasogea nimpishe anawe. Kugeuka, nyuma yangu hapana mtu.

Niliogopa kusema, wasije wakaona ugonjwa umenizidi. Muuguzi mmoja, mama wa Kigogo, ndiye aliyenishika mkono hadi kwa daktari wa akili.

"Shida nini, Rajabu?"

"Huyu anayetembea si mimi, daktari."

Hakucheka. Aliukunja mkono wangu, ukawa unakwenda kwa kukwamakwama.

"Ni dawa hiyo. Si ugonjwa, wala hujarogwa. Nitaipunguza, nikupe na vidonge vya kulegeza mwili. Ila sauti inaweza kurudi. Ikirudi utaniambia?"

"Na ikinikataza nisikuambie?"

"Basi hapo ndipo uje mbio."

Sasa mwili umelegea, kaka. Nafunga vifungo mwenyewe, na juzi nilicheka mpaka wenzangu wakageuka. Halafu jana mchana, nikiwa nafua, mama akaniita. Mara moja tu, taratibu, kutoka upande wa pili wa ukuta. Alisema twende nyumbani. Akasema nisimwambie mtu.

Niliacha nguo kwenye beseni nikakimbilia kwa daktari. Nilikuwa nalia, kaka, maana nilijua ninamwacha mama peke yake. Daktari akauliza kama aniongezee dawa. Nimemwomba asiongeze kwanza, na kila nikimsikia mama nitakwenda kusema. Amekubali tujaribu. Nikiendelea vizuri ataniruhusu nije kuvuna nanyi.

Nisalimie shemeji Hadija, na mjomba aliyenipandisha treni pale Kilosa. Bibi mpe shikamoo yangu, umwambie nakula vizuri.

Nina ombi moja kwenu wote. Nikirudi, mtu asiniite kwa mbali, wala kutoka nyuma ya nyumba. Njooni mbele yangu niwaone uso kwanza, ndipo nitaitika.

Ni mimi mdogo wako,
Rajabu