Halowini Nyumbani kwa Shemeji

Jumatatu, 27 Oktoba
Nimetoka kazini, miguu inawaka. Nimesugua lobi ya hoteli kule Marina hadi mgeni mmoja akajitazama sakafuni na kuchana nywele. Hakuna anayesugua kama mimi. Shule niliacha kidato cha pili, mopu sijaacha.

Nyumbani hapa JVC, mtaa wetu mpya, nimekuta kesi. Watoto wa ghorofa yetu wamemwalika Neema, binti wa dada yangu, wazunguke milangoni Ijumaa, siku ya Halowini. Unavaa vituko, unagonga, unapewa peremende. Neema ana miaka saba. Tangu tuhame Al Nahda hana rafiki hata mmoja, anacheza na lifti. Leo kaitwa kwa jina. Karuka kitandani mpaka chaga zikalia.

Dada Mercy kasema ataenda. Shemeji Titus kasema haendi. Mimi nimekula ugali wa wote wawili, maana hamu iliwaisha.

Jumanne, 28 Oktoba
Shemeji ni mlinzi, na kanisani ni shemasi. Hacheki na shetani. Anasema kwao kijijini ukijichora mafuvu na kugonga milango ya watu, hawakupi peremende, wanakutolea panga. Hapo ana pointi, bana. Dada anasema shetani hana haja na chokoleti, na mtoto mpweke ni jambo baya kuliko mafuvu ya karatasi. Naye ana pointi. Wote wameokoka. Wote huomba kabla ya kula, na leo kila mmoja kaomba ya kwake, ndefu. Chakula kikapoa.

Nimeamua kuwasuluhisha. Nani mwingine ana akili nyumba hii.

Jumatano, 29 Oktoba
Nimepata. Simba. Simba si pepo. Simba yumo kwenye Biblia, alikaa na Danieli shimoni bila kumgusa. Nimemwomba supavaiza kichwa kipya cha mopu, nikakiloweka kwenye chai nzito kikawa kahawia, nikakishona kwenye kofia. Neema kavaa, kanguruma. Nimeshtuka kidogo. Hilo libaki humu.

Nikamwambia Shemeji, "Shem, huyu ni wa Danieli." Akatikisa kichwa. "Bwana mdogo, simba wa Danieli hakugonga milango ya watu."

Khalas, basi. Nimeenda kuosha vyombo bila kuombwa, mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Alhamisi, 30 Oktoba
Siku mbaya. Wamegombana jikoni kwa sauti ya chini, ile mbaya zaidi. Shemeji: "Mama Neema, ukimpeleka, umempeleka bila baraka yangu." Neema kasikia. Kavua manyoya mwenyewe, kayakunja, kayaweka juu ya friji. Hakulia. Nilitamani alie.

Ijumaa, 31 Oktoba
Asubuhi kanisani, maana huku kwa Waarabu Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Shemeji alikuwa zamu. Dada kaomba muda mrefu amefumba macho. Jioni kashusha manyoya, kamvalisha Neema. "Baba yake nitamjibu mimi." Mimi nikapewa kumsindikiza yeye na watoto wa ghorofa.

Mlango wa kwanza safi. Wa pili safi. Tunaenda wa tatu, lifti ikafunguka. Shemeji. Sare kamili, kofia, filimbi, redio kiunoni. Kumbe mwenzake kampokea zamu mapema. Neema akaganda. Mimi nikatafuta ngazi kwa macho.

Kabla hajatamka neno, mlango ukafunguliwa. Bibi mmoja wa Kihindi. Akamtazama simba, akamtazama mtoto wa jirani aliyevaa mifupa na kinyago, akamtazama Shemeji, akapiga makofi. Eti mavazi ya huyu mkubwa ndiyo bora kuliko yote, hata masharubu yanafanana na ya kweli. Akamjaza chokoleti mkononi. Shemeji, kwa mazoea ya kazi, akapiga saluti. "Asante, madam. Mungu akubariki."

Neema akacheka. Cheko hilo sijalisikia tangu Al Nahda. Shemeji akamtazama binti yake, akatia chokoleti mfukoni. 

"Haya, yalla. Mstari mmoja. Wafupi mbele. Hakuna kukimbia koridoni."

Watoto wakanyooka kama askari. Kila mlango akapiga saluti, kila mlango akaacha baraka, na kila mlango wakamsifu masharubu. Yule wa mifupa alipomsogelea, Shemeji alirudi nyuma, akanong'ona, "Damu ya Yesu." Kisha akaona kamba za viatu za huyo Mifupa zimelegea. Akapiga goti, akazifunga.

Nyumbani kamwambia Dada, "Mimi bado sikubaliani na hii kitu." Dada kajibu, "Najua, Baba Neema," kammiminia chai. Shemeji kamega chokoleti yake, kampa nusu.

Naandika wazi: ushindi ni wangu. Wao walileta ugomvi, mimi nilileta simba.

Jumamosi, 1 Novemba
Nipo ofu. Kengele ya mlango. Shemeji kafungua akiwa na vesti. Katoto kembamba, miwani, kamekumbatia mpira. Kanamwulizia Neema. Shemeji hakukajua mpaka alipotazama chini: kamba za viatu bado zina fundo lake la jana.

"Neema," akaita. "Rafiki yako."

Wametoka. Shemeji kasimama mlangoni akiwatazama hadi walipopinda kona ya koridoni. Halafu kauacha mlango wazi.

Dada anakunja nguo. Mimi nakunywa chai.