Supu Niliyoipikia Mafichoni

Jumatatu, 3 Machi
Nimeunguza vitunguu tena. Mama amekunywa vijiko vinne, akageukia ukuta. Tangu atoke hospitali koo halipitishi ugali wala ndizi. Supu tu. Daktari atamwona Jumanne ya wiki ijayo. Akiwa hana nguvu, operesheni hakuna.

Dada yuko Saudia. Mke sina. Nimebaki mimi, fundi simu wa Kebirigo, miaka arobaini na tatu, sijawahi kupika hata chai.

Nimemwambia Mama kwamba anapikiwa na jirani, Mama Moraa. Uongo. Mama Moraa kutwa yuko shambani anachuma majani chai, hajui lolote. Kwetu mwanamume akishatoka jandoni haingii jikoni kwa mamake. Basi napika kwangu, mlango nimefunga, pazia nimeshusha, natoka jasho kama mwizi.

Jumanne, 4 Machi
Muuza nyama aliuliza mifupa ni ya nini. Watu walikuwa wamejaa pale. Nikasema ya mbwa. Mdomo huu! Akanipa mikavu, imekwanguliwa mpaka ikawa myeupe. Nimechemsha saa nzima. Maji ya kuoshea vyombo yana ladha kuliko ile. Vijiko viwili.

Jumatano, 5 Machi
Kijiko kimoja. Mkono wake umekuwa mwepesi mno. Naogopa. Naogopa kweli.

Alhamisi, 6 Machi
Nimerudi buchani nikasema ukweli: ni ya mama yangu, na mpishi ni mimi. Muuza nyama alicheka mpaka akaweka panga chini. Halafu akanichagulia mifupa yenye uboho, akanifundisha. Moto mdogo. Ichemke kwa saa nne. Toa povu. Vitunguu baadaye, sio mwanzo.

Mama amemaliza kikombe! Kizima! Nimelia peke yangu jikoni.

Ijumaa, 7 Machi
Yule muuza nyama hana kifua. Mama Moraa amekuja kumjulia Mama hali, akaanza kunisifu: eti soko zima linajua ninavyopika. Mama alikuwa akisikia yote. Jioni nimempelekea supu, ile ile nzuri. Amefunga mdomo.

Jumamosi, 8 Machi
Hajanywa. Asubuhi, mchana, jioni. Maji tu. Nina hasira naye, na naona aibu kumkasirikia mgonjwa. Mila gani hii ya kumnyima mtu supu? Nimetupa sufuria uani. Nimeiokota, nikaiosha.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Nimemwuliza wazi: Mama, unanikataa mimi?

Akasema, sauti nyembamba, "Nilijua tangu siku ya kwanza. Mama Moraa hawezi kuharibu supu namna ile."

Alijua! Alikuwa akinywa kwa sababu hakuna mwingine aliyejua. Sasa soko linacheka, na yeye hataki kicheko hicho kinifuate hata akiwa hayupo. "Nitakuacha na jina gani, mwanangu?"

Nikamwambia jina nitalifanyia nini bila yeye. Akageukia ukuta. Sijui kama alisikia. Keshokutwa ni daktari. Sina la kufanya, sina kabisa.

Jumatatu, 10 Machi
Sikufungua kibanda. Nimetoa jiko la makaa, nikaliweka uani kwa Mama, mbele ya mlango wake, barabara yote inaona. Nimepika hapo tangu asubuhi.

Wanaume wa kupeleka maziwa wamepita. Mmoja akapiga mluzi. Nimemsalimia, nikaendelea kutoa povu. Kulikuwa na manyunyu, nikaishikia sufuria mwavuli.

Mama aliomba nimsogeze mlangoni. Akakaa ananitazama muda mrefu. Yule wa mluzi aliporudi na mitungi mitupu, akamwita. Kijana wa watu akasimama, kofia mkononi.

"Huyu ni mwanangu," Mama akamwambia. "Ananipikia."

Kisha akanyoosha mkono apewe kikombe. Amekunywa nusu. Nusu nyingine ameniambia niiache ipoe kwanza.