Muzee Aloys na Maman Colombe

Nyawera, Bukavu

Yaya Télesphore, kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na wifi Chantal na watoto. Kifua chako kimepona? Na ile baridi ya Lubumbashi, bado inawasumbua? Huku tuko wazima. Maman ni mzima kutupita sote, na ndiyo sababu ya barua hii. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu zetu hukatika katikati ya neno, na hili sitaki likatike. Nimempa Jean-Claude, anayesafiri kuja huko, akuletee, pamoja na sambaza kavu, samaki wadogo wa ziwa letu unaowapenda.

Tangu mwaka jana mimi na Larissa, mwenzangu wa kufundisha lycée, tumeanzisha kikundi cha jazz. Jumapili moja kila mwezi tunakutana hapa nyumbani. Kila mtu huleta albamu anayoipenda, tunaiweka kwenye mashine ya diski ya marehemu Papa, kisha mwenye albamu anatusimulia wanamuziki wake: walikuwa nani, waliishi vipi, waliishia wapi. Gaston wa duane, anayetoza ushuru mpakani, huleta Wamarekani wa piano, wapole mno, hivi kwamba siku moja Larissa alimuuliza kama mpigaji hajalala. Walibishana mpaka chai ikapoa.

Ilipofika zamu yangu nikaleta albamu ya Kadutu Jazz, bendi ya zamani ya hapa mjini, ile yenye jalada la bluu. Maman alikuwa akipita na sahani ya karanga. Saksafoni ilipoingia, akasimama mlangoni.

“Huyu ni Aloys,” akasema. “Musikiye. Anavutaka pumuzi kwanza, kama mutu anataka kucheka.”

Yaya, tangu tumzike Papa, Maman alikuwa akitujibu ndiyo na hapana tu. Siku hiyo aliketi akafunguka. Alituambia habari za Willy, mpiga ngoma wa bendi hiyo, aliyelaza ngoma zake kitandani siku za mvua, yeye na mkewe wakalala chini kwa sababu paa lilivuja upande ule. Alituambia habari za Mugisho, aliyekata nyuzi za gitaa kila wasichana wazuri walipoingia. Wote wawili wameshafariki, mmoja kwa ugonjwa, mwingine wakati wa vita, na Maman alitaja majina yao polepole. Kisha akasema Aloys ndiye aliyepiga kwenye harusi yake na Papa, na kwamba Papa alicheza vibaya kuliko wanaume wote wa Kadutu, lakini alikuwa wa kwanza kuinuka. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Nikasema ni huzuni kwamba Aloys naye amekufa. Gaston, ambaye ni mzaliwa wa bondeni, akashangaa: amekufa lini? Muzee Aloys yuko Luberizi, analima mpunga.

Jumamosi iliyofuata Maman alivaa liputa yake mpya ya kitenge, akakaa mbele kwenye gari la Gaston. Tukashuka kona za Ngomo, tukapita Kamanyola kwenye joto lile. Tulimkuta Muzee Aloys shambani, matope hadi magotini. Alimtazama Maman muda mrefu.

“Colombe! Na bwana yako, anachezaka bado vibaya?”

Maman akamwambia Papa hayupo tena. Muzee akavua kofia, akalia palepale ndani ya maji bila kujificha. Baadaye, tukinywa chai kwake, alitueleza kwamba saksafoni yake iliporwa vitani, na tangu mkewe afariki hajapiga hata mluzi.

“Midomo yangu iko ya kulima sasa,” akasema.

“Midomo hailimake, Aloys,” Maman akamjibu.

Gaston akaazima saksafoni ya fanfare, bendi ya tarumbeta ya parokia. Mwezi uliofuata Muzee Aloys alikuja kwetu. Sauti za kwanza zilikuwa za mbuzi kabisa, na aliyecheka alikuwa yeye mwenyewe. Kisha nikaweka ile diski. Akafumba macho, akapiga akijifuata mwenyewe wa zamani, polepole, mpaka wakawa wawili, kijana na muzee, wakijibizana. Wamama wa soko walitua vikapu vyao chini ya dirisha letu. Larissa alilia, Gaston akasingizia vumbi.

Tangu siku hiyo anakuja kila mwezi. Halafu ikawa kila juma.

Sasa, Yaya, kaa chini. Muzee Aloys ameomba kumuoa Maman. Alikwenda kwanza kwa Tonton Murhula, mdogo wa Papa, kwa heshima ya marehemu. Tonton amekubali, lakini anasema neno la mwisho ni la mtoto mkubwa. Maman naye hatasogea bila wewe. Nilipomuuliza kama ana hakika, aliacha kusonga bukari, akasema: “Umwambie sijasahau baba yenu. Aloys ndiye mutu moja tu niko naongea naye juu ya baba yenu, na anamuona vile niko namuona.”

Mimi nimeshasema ndiyo; nilimkumbatia mpaka bukari ikaungua. Lakini najua ulivyompenda Papa, na naogopa jibu lako kuliko ninavyoonyesha. Padri ametupa Jumamosi moja ya mwezi wa nane. Maman anataka kuingia kanisani akiwa ameshika mkono wako.

Tusalimie wote huko. Larissa na Gaston wanakusalimu, na Tonton anakubariki. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Cibalonza

Maman amenipokonya kalamu:

Télesphore, ni mimi maman yako. Kama unataka kunigombeza, usinigombeze mu simu. Kuya hapa, unigombeze uso kwa uso. Nitakupikia.