Mkanda Uliotushinda, Baba

Mwaka umetimia, Baba, tangu tulipokulaza nyuma ya nyumba yako hapa Ringwani, mahindi yakiwa bado yameanikwa uani.

Majirani wanakukumbuka kwa upole wako. Ulikuwa unafunga mashine ya kupukuchulia mahindi kwenye pawatila yako kuukuu, lile trekta dogo la kusukuma kwa mikono, unaanza na wajane na wazee, ndipo unarudi kwenye mahindi yako. Hata kijiji jirani cha Busawe, wakisikia ule mlio, walijua Joel Nyangwine amefika. Jioni ulinawa kwa maji ya moto na majivu, grisi itoke yote, kabla hujambeba mjukuu.

Lakini leo tuseme ukweli, maana wewe mwenyewe hukupenda maneno ya kupamba. Umetusumbua, Baba. Kila ulipotaka kufunga mashine ulisema, "Sogeeni kule, msije mkakatwa vidole." Tukasogea. Miaka kumi na minne tumesogea. Ukaondoka bila kutuonyesha hatua ile moja ya kuifunga.

Mama alijaribu. Unamjua Mokami wako, hana papara. Aliweka mashine juu ya fremu ya pawatila, akakaza bolti, akavalisha mkanda, akawasha. Mkanda ukaruka. Akalegeza, akakaza tena, ukaruka. Fundi Faridu alikuja kutoka Mugumu, akasema mkanda umechoka, ununuliwe mpya. Mpya nao ukaruka hata debe moja halijajaa. Akasema basi ni puli, lile gurudumu linalozungusha mkanda. Puli ikabadilishwa. Safari hii mkanda uliruka mpaka kwenye banda la kuku.

"Shemeji," Baba Mdogo Magige alimwambia, "hiki chuma kilimzoea mwenyewe. Wewe kinakutania tu. Kuna mtu wa Sirari anakitaka, Jumamosi anakuja kukichukua."

"Chuma hakimzoei mtu, shemeji. Kuna kitu hatujakiona."

"Na dumuzi wanaomaliza mahindi, wao wamekiona?"

Dumuzi walikuwepo kweli. Ukishika hindi, unga ulidondoka. Wala Mama hakumlaumu shemeji yake. Mwaka jana ndiye aliyepiga mahindi yetu kwa fimbo, siku tisa, mpaka bega likavimba.

Ijumaa asubuhi Mama alifungua kila kitu. Nati alizipanga kwenye sinia kwa utaratibu ule ule aliozitolea. Akachukua dizeli na brashi ya kufulia, akasugua fremu nzima, matope na grisi ya miaka yote. Ndipo akaona. Nyuma ya matundu mawili ya bolti ya kiwandani, kiasi cha kiganja, kulikuwa na mengine mawili uliyoyatoboa mwenyewe, kingo zake hazijalingana. Grisi ilikuwa imeyaziba. Kumbe fremu ilishapinda zamani, na kwenye matundu ya kiwandani puli ya mashine na ya pawatila hazikuwa zinatazamana, ndiyo maana mkanda uliruka.

Akaifunga mashine hapo. Akawasha. Mkanda ukakaa.

Tulidhani atapiga vigelegele. Alikaa juu ya magunzi, akasema kwa hasira, "Joel! Mwaka mzima, kwa matundu mawili!" Kisha akalia kilio ambacho hata siku ya mazishi hatukukisikia. Baba Mdogo, aliyekuja mbio baada ya kusikia mlio, alichukua karai akaanza kulisha mashine mahindi.

Mtu wa Sirari alifika Jumamosi akakuta magunia kumi na saba yameshonwa. Alikunywa chai, akaaga bila mashine. Mama akazungushia matundu yako rangi nyeupe, akaandika pembeni: FUNGA HAPA. Sasa mtu yeyote anaweza kuifunga bila kumuuliza marehemu.

Unakumbukwa na mkeo Mokami, wanao Nyangi, Jackson na Lilian, mdogo wako Magige, wakwe, wajukuu, na majirani wa Ringwani na Busawe.

Tumekukasirikia, Baba. Kukusahau hatutaweza, siku zote za maisha yetu.