Majivu ya Mtinko

Mama, shikamoo. Huku Uholanzi baridi inauma masikio, lakini leo kilichoniuma zaidi ni choroko za kwetu.

Wakaguzi wa hapa waliniita bandarini, mimi bwana shamba niliyetumwa huku na serikali yetu, nikatazame magunia yaliyotoka kwetu Mtinko, Singida. Wameyakataa, eti yana udongo. Nikachota, nikaonja kwa ulimi. Majivu, mama! Yale mnayochanganya ili wadudu wasile. Zamani ushirika ulipepeta kwanza; siku hizi mwenye lori ananunua mlangoni na kusafirisha hivyo hivyo. Nikamweleza mkaguzi wao kwamba hayo ni matunzo, si uchafu. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Majivu au udongo, kwetu ni mamoja." Kesho zinachomwa, na aliyetia saini ya kukubali kwa niaba ya nchi yetu ni mimi.

Waambie majirani choroko za kuuza wasitie majivu. Naumia kuwaambia wakati jasho lao linaungua. Ila za kunipikia nikirudi, tia mengi kama kawaida yako.

Mungu akunyeshee mvua njema. Nimenawa kwa sabuni, vidole bado vina harufu ya jiko lako.

Mwanao,
Yohana